Mswada Umeisha, Sasa Nifanye Nini?

Nimemaliza riwaya iliyonichukua miaka miwili. Tangu nimpelekee mchapishaji najiona kama nimefiwa. Nianze nyingine haraka? (Msomaji wa kike, Morogoro)

Hongera dada, na pole. Usianze. Watu ulioishi nao miaka miwili bado wanaongea kichwani mwako. Ukianza sasa wataingia kwenye riwaya mpya wakiwa wamebadili majina tu. Ila kalamu isikauke. Kila asubuhi tunga ubeti mmoja wa tarbia: mishororo 4, kila mshororo mizani (silabi) 16, yaani 8 ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 utao, nusu ya pili, vina vya kati na vya mwisho vitimie. Usimwonyeshe mtu. Mimi hufanya hivyo kila nimalizapo kitabu, na nathari yangu hurudi ikiwa nyepesi, kwa kuwa mizani 8 haina nafasi ya neno la ziada. Mchana panda daladala, simu iwe mfukoni, usikilize abiria na kondakta wanavyobishania chenji. Ukishuka, andika walivyosema wenyewe, siyo ulivyoelewa wewe. Nina madaftari 3 ya maneno ya namna hiyo, na wahusika wangu ninaowapenda zaidi wametoka humo.

Nachora Tingatinga. Masika watalii hupungua, nakaa bure. (Mchoraji, Dar es Salaam)

Kaka, wiki ya kwanza kata hadibodi na upake rangi ya chini kabisa, uwe na akiba. Halafu chora kile ambacho hakuna mgeni aliyekuomba: bibi yako akikuna nazi, watu wanavyosukumana kuingia pantoni ya Kigamboni. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 na akafariki 1972. Kwa miaka hiyo michache, na rangi za baiskeli, alituachia mtindo mzima. Tembo na twiga watakusubiri hadi Juni.

Ndugu zangu wakiniona nasoma tu wanasema sina kazi. Niwajibuje?

Usiwajibu. Chagua saa, tuseme saa 11 alfajiri hadi saa 1, uzishike kila siku. Shaaban Robert aliandika huku akiwa karani wa serikali. Naye alikuwa na saa za kuiba tu.

Mswada wangu umelala kabatini miezi miwili. Niufungue lini?

Leo. Usome kwa sauti, umesimama. Ulimi ukijikwaa, weka alama ya penseli pembeni na uendelee hadi ukurasa wa mwisho. Kusahihisha ni kesho.