Usiuze Transformers wako kwa hofu

Ndugu yangu, nimekuelewa: umekusanya Transformers, midoli ya roboti wanaogeuka magari, tangu utotoni, sasa unaona watoto wamezama kwenye simu na unajiuliza kama uuze kabla jina halijafa. Mimi nisingeuza. Kampuni ya Hasbro iliwaingiza sokoni Marekani mwaka 1984, ikitumia midoli ya kampuni ya Takara ya Japani; walipofifia, toleo la Beast Wars la 1996 likawafufua kwa wanyama badala ya magari.

Hofu yangu ni plastiki yenyewe. Ile ya rangi ya dhahabu inayometameta, ya mwishoni mwa miaka ya 80 na ya 90, huchakaa hata ikiwa kabatini. Wangu mmoja alimeguka bega nilipomgeuza tu! Hao usiwakunje kabisa. Toa betri, waepushe na jua. Ukilazimika kuuza, mwone kwanza mthamini wa midoli ya zamani.