Shangazi, nimekuta kete kwenye begi la mwanangu

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto watatu nakaa Tabata, huyu wa kwanza ana miaka 16 yuko kidato cha tatu. Jumamosi natoa vitu kwenye begi lake nilifue nikakuta kete mbili za bangi, karatasi za kusokotea na kichupa cha dawa ya macho, nikasema hee kumbe, maana kila siku macho mekundu eti vumbi la daladala na mi nilishampeleka mpaka kwa daktari wa macho akasema haoni tatizo. Alivorudi nilimchapa na mwiko mbele ya wadogo zake, hakulia wala hakujitetea, leo siku ya tano tunaishia salamu tu. Baba yake (na yeye bia zake za wikendi anamtuma huyohuyo dukani) anasema anampeleka kwa bibi yake Singida akachunge mbuzi atanyooka, mjomba wake anasema alale selo siku moja atie akili. Nimechanganyikiwa, nifanyeje?

SHANGAZI: Marahaba mwanangu, pole sana. Tuanze na huo mwiko. Nenda kamwombe radhi, sio kwa kuikuta bangi, kwa kumdhalilisha mbele ya wadogo zake. Najua kuna wanaosoma hapa wanasema Shangazi kazeeka vibaya, mzazi amwombe mtoto radhi, haya semeni, ila mtoto aliyekufungia mdomo huwezi kujua kafika wapi na hiyo kitu, na wewe unachotaka sasa hivi ni kujua.

Maana dawa ya macho inaniambia sio siku ya kwanza. Wa kujaribu mara moja na wenzake hakumbuki hata kuficha macho, huyu ameshajipanga.

Sasa usiitishe kikao. Ukimweka sebuleni, baba huku mjomba kule, atakubali kila kitu ili aondoke tu. Mi wangu wa pili nilimpata jikoni tunamenya viazi, saa nzima ni Simba na Yanga tu, ndoo inakaribia kuisha ndo akasema mama mi usiku silali, na nikivuta nalala. Kumbe alikuwa anaonewa shuleni tangu muhula wa kwanza na mimi niko bize nakagua ripoti ya hesabu. Tafuta kazi ya mikono mfanye wote, usimkodolee macho, muulize alianza lini, na nani, akivuta anajisikiaje, halafu nyamaza ajibu. Hilo la kunyamaza ndo gumu, nakwambia ukweli.

Singida sikushauri. Hiyo bangi ya mtaani kwenu haikulimwa Tabata, inatoka mashambani huko mikoani, na bibi wa watu mtakuwa mmembebesha mzigo bila kumwambia ni mzigo gani. Selo ndo kabisaa, kukutwa na bangi ni kosa la jinai, mnaenda kumtisha mnarudi na kesi, na ndani anaweza kulazwa na watu wazima usiowajua.

Mzee naye mkalishe chini peke yake kwanza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo kila akimtuma bia anamfundisha kijana kwamba muuza duka hana shida. Afuate mwenyewe. Halafu mkubaliane nyie wawili masharti mawili matatu, saa ya kurudi, hela ya matumizi kidogokidogo sio ya wiki nzima, na akivunja inakuwaje, msije mmoja akakataza mwingine akamwonea huruma.

Ukiona anavuta asubuhi kabla ya shule, vitu vinapotea ndani, au anasikia sauti na kuhisi watu wanamsema, acha mambo ya viazi, nenda hospitali kwa watu wa afya ya akili. Simu ya mtoto 116 ni bure, na ya mamlaka ya dawa za kulevya ni 119. Ila majirani wakikwambia apelekwe Muhimbili akanywe methadoni waache, ile wanaitoa tangu 2011 kwa wa heroini, bangi haina dozi ya kunywa.

SWALI: Shangazi habari, mi ni baba niko Moshi. Binti yangu wa miaka 15 kalewa kwenye kipaimara cha binamu yake mpaka akabebwa. Mke wangu anasema bora tumpe mbege kidogokidogo nyumbani ajifunze kunywa kistaarabu, ni kweli?

SHANGAZI: Nzuri baba. Hapana, kadiri mtoto anavyoanza mapema ndo uwezekano wa pombe kuja kumsumbua ukubwani unavyoongezeka, na kikombe cha nyumbani anakisoma kama ruhusa ya kunywa kokote. Mbege isubiri. Ongea naye kichwa kikishatulia, kesho yake jioni, sio usiku ule anatapika. Na likitokea tena alazwe ubavu, mtu akae naye asimwache peke yake, na yale maziwa mnayowanyweshaga walevi msimpe aliyezimia maana atapaliwa. Mkimwita haitiki au anapumua kwa kusuasua, hospitali usiku huohuo.