Kabla hujakubali kwamba "hawa watoto ndivyo walivyo"

Ukimpeleka kliniki mtoto mwenye Down sindromu na uzito wake haupandi, utaambiwa mapema tu: hawa watoto ndivyo walivyo. Mimi niliambiwa binti yangu akiwa na miezi mitatu, na nesi aliyasema kwa upole kabisa huku anajaza kadi. Nyumbani nikakuta maelezo mengine. Mamamkwe alinivuta pembeni akauliza kama mtoto hajabemendwa. Sababu mbili kwa siku moja, na hakuna hata moja iliyokuwa na kipimo.

Nawaandikia ninyi mliopewa majibu ya kromosomu mwaka huu. Ni kweli, kromosomu ya 21 iliyozidi huwafanya watoto wetu wawe wafupi kuliko wenzao, na ulegevu wa misuli hufanya kunyonya kuwe kazi nzito. Lakini mtoto wa namna hiyo hukua taratibu, ila anakua. Aliyesimama, au anayerudi nyuma, mtafutie jambo la pili. Mara nyingi lipo, na mara nyingi linatibika.

Kwetu lilikuwa moyo. Karibu nusu ya watoto wenye Down sindromu huzaliwa na hitilafu ya moyo. Binti yangu alikuwa ananyonya dakika tano, jasho linamtiririka kichwani, anaachia ziwa, anasinzia, baada ya muda mfupi anaamka analia njaa. Nikadhani maziwa hayatoshi. Nikanywa uji wa pilipili manga mpaka nikauchukia. Kumbe maziwa yalikuwepo, ila nguvu yake yote ilikuwa inaishia kwenye kupumua.

Daktari wa kwanza alikuwa amemsikiliza kifua, hakusikia mlio wowote, tukarudi nyumbani tukiwa na furaha. Ndugu zangu, hilo halitoshi. Tundu kubwa la moyo linaweza kukaa kimya kabisa wiki za mwanzo. Ombeni eko ya moyo, yaani picha ya ultrasound ya moyo, hata kama mtoto haonyeshi dalili, tena mapema, maana tundu kubwa likiachwa hupandisha presha ya mapafu hadi kufika mahali upasuaji haufai tena. Sisi tulifanyiwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Fedha zikiwa kikwazo, piteni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla hamjauza kitu.

Na hili la kubemendwa: msigombane na wazee, mtachoka bure. Wanawake wengi husingiziwa hivyo, wengine huacha hata kwenda kliniki kwa aibu. Mimi nilimchukua mamamkwe siku ya eko, akaona kwenye skrini damu ikipita pasipo njia yake, rangi nyekundu na buluu zimechanganyika. Hakusema kitu. Ila neno lile sikulisikia tena.

Baada ya upasuaji mtoto alinenepa, nikatulia, na kosa langu likaanza hapo. Alipofika miaka mitatu, gauni la Idi ya mwaka uliopita lilikuwa bado linamtosha urefu, ila vifungo vya mgongoni havifungi tena. Watu wakasifu: amenawiri! Choo kigumu, ngozi kavu, usingizi mchana, vyote nikavitupia Down sindromu, kama yule nesi. Ilikuwa thairoidi, tezi ya shingoni: haikutoa homoni ya kutosha. Kipimo chake ni damu kidogo tu, TSH na T4: akizaliwa, miezi sita, mwaka mmoja, kisha walau kila mwaka. Mimi nilikuwa nimeruka miaka miwili.

Ndiyo maana nasema jifunzeni kuisoma kadi wenyewe. Uzito ukianza kushuka na urefu ukafuata nyuma, anzeni na chakula, moyo na kifua. Urefu ukisimama huku uzito unapanda, ulizeni homoni. Hayo hayampi mtu jibu, yanampa pa kuanzia. Lakini vipimo viwe vya kweli: mzani uleule, mtoto bila nguo wala nepi, na chini ya miaka miwili urefu hupimwa amelala juu ya ubao, si kwa futi ya fundi nguo iliyozungushwa mgongoni. Kuna chati maalumu za watoto wenye Down sindromu, zilizotolewa 2015 kutokana na watoto wa Marekani. Mwombeni daktari awachapishie, mziweke pamoja na ile ya kawaida ya kadi. Mtoto akishuka hata kwenye chati yake mwenyewe, hapo hakuna tena cha "ndivyo walivyo".

Mengine ya kuuliza: anakoroma na kulala amerudisha shingo nyuma? Tonsili zinaweza kumziba pumzi, na mtoto asiyelala vizuri hakui vizuri. Choo kilisumbua tangu siku za mwanzo? Utumbo uangaliwe. Tumbo linajaa na kuharisha kusikoisha tangu aanze vyakula vya ngano? Ulizeni kipimo cha siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano, ila msimwachishe ngano kabla ya kipimo, majibu yatadanganya.

Kama mtaanzishiwa kidonge cha thairoidi, kisageni kwenye kijiko na maji kidogo, apewe tumbo likiwa tupu. Dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma ipishane nacho kwa muda wa saa nne. Soya nayo hukizuia kisiingie mwilini vizuri, na uji wetu wa lishe ulikuwa umejaa soya. Hakuna aliyeniuliza nampa uji gani mpaka nilipotaja mwenyewe. Siku hizi mamamkwe ndiye anayempa kidonge, saa kumi na mbili alfajiri akitoka kuswali. Uji unafuata saa moja.