Jibu: Nabadilisha 156 kwenda baineri, napata 00111001

Habari ndugu. Umesema unabadilisha 156 kwenda baineri, yaani mfumo wa namba wenye 0 na 1 tu: unagawa kwa 2, unaandika mabaki, unapata 00111001, lakini kikokotoo kinakupa 10011100. Kugawa kwako ni sahihi kabisa. Linganisha majibu hayo mawili: ni tarakimu zilezile, zimepinduliwa.

156 gawa kwa 2 ni 78, baki 0. 78 inatoa 39 baki 0, 39 inatoa 19 baki 1, 19 inatoa 9 baki 1, 9 inatoa 4 baki 1, 4 inatoa 2 baki 0, 2 inatoa 1 baki 0, na 1 inatoa 0 baki 1. Sasa soma mabaki kutoka chini kwenda juu. Baki la kwanza linaonyesha kama namba ni shufwa au witiri, kwa hiyo ni la nafasi ya mwisho kulia. 156 ni shufwa, lazima iishie na 0. Yako imeishia na 1. Mimi huanza kukagua hapo kila mara.

Usisimame ukifika 1. Endelea mpaka upate 0, la sivyo utapoteza ile 1 ya mbele, na wengi huipoteza.

Ukitaka uhakika, jumlisha thamani za nafasi zenye 1 (kutoka kulia nafasi ni 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128): 128 + 16 + 8 + 4 = 156. Jibu lako lingekuwa 32 + 16 + 8 + 1, yaani 57.

Jaribu 200 kwa njia hiyo, uweke hatua zako hapa tuziangalie.