Fulana ya kuzuia risasi nyumbani: nilivyoona mwenyewe

Ndugu, umeuliza kama fulana ya kuzuia risasi ina nafasi kwenye mpango wa kulinda nyumba. Nimeivaa miaka sita nikisindikiza pesa, na nilipoacha kazi nikanunua yangu, nikaitundika nyuma ya mlango wa chumbani. Kwangu ina nafasi, ila iwe ya mwisho kabisa.

Usiku mmoja, saa nane hivi, nilisikia mlango wa jikoni unasukumwa. Nikaruka, nikashika fulana. Giza, mikono inatetemeka, mkanda wa kushoto ukanata pasipo pake, nikaubandua nikaanza upya. Velkro ikibanduliwa usiku wa kimya hulia kama turubai linalochanwa. Mwanangu mdogo akaamka akilia. Lakini kosa kubwa nililifanya baada ya kuivaa. Nilijiona siwezi kudhurika, nikatoka kumfuata mtu. Mke wangu akabaki na watoto, vyumba viwili tofauti, milango wazi. Yule mtu alikimbia, namshukuru Mungu. Bila fulana ile nisingetoka. Ningewakusanya wote chumba kimoja, nikatia komeo, nikapiga simu. Linaniuma hadi leo.

Na wengi hununua wasichokijua. Fulana laini ya daraja la IIIA (vipimo vipya vya 2023 huliita HG2), kwa vipimo vya NIJ, taasisi ya serikali ya Marekani inayoweka viwango vya fulana hizi, huzuia risasi nyingi za bastola. Ya AK-47 inapita. Hiyo inataka mabamba magumu, na bamba moja la kauri lina kilo 3 hivi, nawe unahitaji la mbele na la nyuma. Kinga ya kisu nayo ina vipimo vyake; fulana ya risasi usiitegemee kwa kisu. Shingo, kichwa na mapaja viko wazi. Hata ikizuia, kwenye majaribio huwekwa udongo nyuma yake badala ya mwili, na kipimo huruhusu udongo huo kubonyea hadi milimita 44. Fikiria mbavu zako hapo. Ukipigwa risasi ikazuiwa, bado nenda hospitali.

Ya mitumba achana nayo. Joto, jua na unyevu huila taratibu bila kuonyesha alama, na watengenezaji wengi huidhamini miaka 5 tu. Bamba la kauri likianguka sakafuni linaweza kupata ufa usiouona. Sheria nazo uliza kwanza: jimbo la New York, Marekani, tangu 2022 huuziwa watu wa kazi maalumu tu, na katika majimbo mengi ya Australia kuwa nayo bila kibali ni kosa.

Baada ya usiku ule nilianza na mlango wa chumba cha watoto: skrubu ndefu zinazoingia hadi ukutani, komeo la ndani, simu ya akiba inayochajiwa humo humo, taa ya nje inayojiwasha mtu akipita. Tukakubaliana neno moja. Likitamkwa, wote tunakimbilia humo. Tumelifanyia mazoezi taa zikiwa zimezimwa, mara nyingi, mpaka mtoto akawa hagongi tena kabati. Polisi wakifika, tunabaki ndani mpaka tuzungumze nao kwa simu, maana mwanamume aliyevaa fulana gizani anaweza kudhaniwa ndiye mwizi.

Fulana sasa iko chumba hicho cha watoto. Mikanda nimeikaza kwa kipimo cha mke wangu, kwa sababu yeye ndiye anayekaa karibu na mlango akipiga simu, mimi nikiwa nimewalalia watoto pembeni.