Bwate inayogonga na bwate inayoteleza

Juma lililopita kijana mmoja wa Kampemba aliniandikia hivi: "Yaya, kaka yangu, nimeona Mercedes 240D ya 1982, otomatiki. Mwenyewe anasema bwate (sanduku la gia) inagonga kidogo tu ikibadili gia, kwa hiyo amepunguza dola 500. Ninunue?" Nilisoma ujumbe huo nikiwa nimeketi ndani ya 240D yangu, nimeegesha kivulini, nikacheka peke yangu. Kidogo tu. Na mimi niliambiwa hivyohivyo.

Najua kinachokusukuma, mdogo wangu. Sisi sote tunaopenda magari ya zamani hapa Lubumbashi tulikua tukiziona W123, ukoo wa Mercedes wenye hizi 240D, zikipita taratibu, zimebeba wakubwa, nasi tukajiapia kwamba siku moja. Zilitengenezwa tangu 1976 kwa karibu miaka kumi, karibu milioni 2.7, na nyingine bado zinatembea mpaka leo. Injini ya dizeli ya 240D haina haraka, nguvu za farasi 72 basi, lakini ukiitunza inakuzika wewe. Hapo ndipo mtego ulipo. Unasikiliza injini, unaridhika, unasahau kwamba nyuma yake kuna bwate, nayo ina umri uleule.

Yangu niliinunua mwezi wa sita, 2021. Ilikuwa imeunganishwa East London, Afrika Kusini, ikapanda kupitia Zambia hadi Kasumbalesa, usukani upande wa kulia. Rangi ya krimu, viti havina mpasuko hata mmoja. Komisioneri, yaani dalali, alinipangia kuijaribu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ati kabla barabara hazijajaa. Mnaijua baridi ya Juni ya kwetu, ile ya watu kukumbatia vikombe vya chai kama watoto. Tukazunguka robo saa kwenye barabara tambarare za mjini. Gia zikaingia bila mtu kuhisi. Mara moja tu, kutoka ya pili kwenda ya tatu, injini ilipaza sauti kidogo kabla gia haijashika. Nikamtazama komisioneri.

"Ni baridi, patroni. Itazoea."

Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe, na bado nikahesabu dola 2,800. Nilifika nyumbani napiga honi kama bwana harusi.

Miezi minne ya raha siisimulii. Oktoba ikafika na joto lake, na Jumapili moja tulikuwa tunarudi kutoka Likasi: mimi, mke wangu, mama mkwe, na magunia mawili ya makala (makaa) nyuma. Kabla ya kufika Lwisha tukakuta mwinuko, si mkubwa, hata malori yalikuwa yanaupanda. Injini ikalia, gari likapunguza mwendo. Nikakanyaga zaidi, kelele ikazidi, mwendo ukazidi kupungua. Nikashusha mkono wa gia, hakuna kilichobadilika. Tukasimama katikati ya mwinuko, injini inanguruma, magurudumu yametulia. Harufu ya kuungua ikaingia kupitia sakafuni.

Mama mkwe alikaa kimya kitambo. Kisha akafungua mlango, akajifunga kitenge vizuri, akasema, "Mkwe, mie natangulia." Akasimamisha basi dogo, akapanda, hakugeuka nyuma. Mke wangu alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Kesho yake gari lilivutwa hadi kwa fundi mmoja mzee kule Katuba. Hakuuliza maswali mengi. Alichomoa joji ya bwate, kile kijiti cha kupimia mafuta, akaifuta kwenye karatasi nyeupe, akaniwekea chini ya pua. Mafuta ya bwate otomatiki huwa mekundu. Yale yalikuwa rangi ya kahawa, yananuka kama ukoko wa bukari (ugali) ulioachwa motoni. Alipofungua sinia la chini tulikuta unga mweusi umetanda, na huo unga ndio diski zenyewe zinazoshika gia ndani ya bwate, zimesagika. Akaniambia kuna aliyetia humo mafuta mazito ya injini ili diski zishike angalau zikiwa baridi. Yakipata moto yanakuwa mepesi, diski zinateleza. Nilimpigia komisioneri papo hapo. Simu imezimwa. Mpaka leo imezimwa, na mpaka leo huwa najaribu.

Kwa hiyo kijana, ushauri wa kwanza: ipashe moto. Mwenye gari akikuita alfajiri, mwambie utakuja saa saba mchana. Endesha saa nzima, na tafuta mlima. Lubumbashi ni tambarare mno, inawaficha wauzaji; toka nje ya mji. Kisha pima mafuta hapo hapo, bwate ikiwa ya moto, injini inanguruma, mkono wa gia kwenye P. Unuse. Usione aibu kunusa.

Lakini wewe umeandika kwamba inagonga, na kugonga si kuteleza. Hapa nisikilize vizuri. Dizeli hizi zina pampu ndogo ya kunyonya hewa mbele ya injini. Pampu hiyo ndiyo inayozima injini ukigeuza ufunguo, ndiyo inayofunga milango yote pamoja kwa gari lenye kufuli hizo, na hiyohiyo ndiyo inayofanya bwate ibadili gia kwa upole. Vimipira vyake vikipasuka kwa uzee, gia zinaingia kwa kishindo. Basi geuza ufunguo usikilize: injini ikikawia kuzimika, au milango ikigoma kufunga, huenda ugonjwa wako ni mpira wa dola chache. Lala chini pia uangalie mipira ya kardani, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, nayo ikichoka hugonga. Ila injini ikipaza sauti juu na gari lisivute, ondoka. Hata akipunguza dola 1,000, ondoka. Mimi sikuondoka.

Bwate nyingine ya otomatiki nilitafuta miezi miwili. Zote nilizoonyeshwa zilikuwa wagonjwa wenzake. Mwishowe tukafunga ya mkono, ya gia nne, kutoka kwenye 240D iliyopinduka. Watu hudhani ni kubadilisha chuma kimoja. Ni bwate, ambreyaji (klachi) nzima, pedali, kardani yake, na gurudumu zito la nyuma ya injini. Dola 1,450 pamoja na kazi. Jumlisha mwenyewe na zile 2,800. Shemeji yangu alijumlisha, mbele ya wageni.

Ndiyo maana nasema: kabla hujatoa pesa, hesabu kwamba bwate imekufa. Ongeza gharama hiyo kwenye bei. Kama bado unalitaka gari, lipa na usilalamike. Kama moyo unasita, basi ulichokuwa unanunua ni zile ndoto za utotoni, na vijana wengi wa mji huu ndivyo tunavyopoteza akiba zetu.

Jumamosi nimekwenda Likasi na kurudi bila kusimama, mwinuko ule nimeupanda kwa gia ya tatu. Asubuhi nilikuwa nimempitia mama mkwe, maana na yeye alikuwa na safari ya huko. Alilizunguka gari, akasifu rangi, akaniombea njia njema, kisha akaelekea kituo cha basi.