Msiuze Kiwanja kwa Ajili ya Sindano ya Goti

Wiki hii nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Musoma. Kanisalimia vizuri, shikamoo mama, kisha akaingia kwenye shida yake. Mama yake mzazi magoti yamesagika, usiku halali. Kuna mtu kawaonyesha video ya Wazungu wanaochomwa sindano ya mafuta ya mwili yaliyochangwa na mtu mwingine, eti goti linapona bila kisu. Mtu huyohuyo anawaambia huduma imefika Mwanza, milioni mbili na nusu kwa goti moja. Wana kiwanja Buswelu. Wauze?

Nilimjibu usiku uleule: msiuze. Leo nimekaa niandike kwa urefu, maana najua mko wengi mnaotamani kushuka kwenye daladala bila konda kuwapa mkono, na kwenye habari za goti mimi sihitaji kusimuliwa.

Naishi Bugarika, kule juu kwenye mawe. Wanaoijua Mwanza wameshanielewa. Bodaboda anakufikisha anapoweza, kuanzia hapo ni miguu yako na Mungu wako. Watu hudhani kazi ni kupanda. Kazi ni kushuka. Kuna kipindi nilikuwa nashuka kinyumenyume, kiganja kimeshika ukuta wa jirani, mjukuu mbele yangu ananielekeza, "Bibi, bado moja, bado moja." Choo cha kuchuchumaa sitakisimulia. Ila lililoniuma kuliko maumivu yenyewe ni siku tulipokwenda Magu kumwona baba mkwe. Sisi Wasukuma mkwe husalimiwa kwa kupiga goti. Mimi nilimsalimia nimesimama, nimeegemea mlango. Mzee alielewa. Mawifi hawakuelewa, na waliyoyasema jikoni niliyasikia yote.

Eksirei ilionyesha nafasi kati ya mifupa imepungua. Daktari aliyeisoma alikuwa mstaarabu, akaniambia mwanya hauongezeki kwa dawa, ila maumivu yanaweza kupungua, akaniandikia nimwone mtu wa fiziotherapia, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Sikuwa na haraka hiyo. Nani anafurahi kuambiwa afanye mazoezi wakati goti linawaka moto?

Hapo ndipo wifi yangu mkubwa alipokuja na habari ya kliniki moja ya mjini. Siitaji jina, na msiniulize. Yeye alikuwa ameshachomwa, anatembea, anacheka. Nikaenda, laki nane nimeifunga kwenye pindo la kitenge. Nikapandishwa kitandani, goti likapakwa iodini. Yule bwana akaja na kisahani cha chuma, juu yake sindano na chupa ndogo. Ile chupa ilikuwa imebanduliwa karatasi. Gundi ilibaki kwenye kioo, nyeupe, na pembe moja ya lebo imeng'ang'ania, haisomeki. Nikamwuliza ni nini hiki. Akasema ni seli za mafuta kutoka nje. Nje wapi? Akasema, "Mama, wewe unataka kupona au unataka kusoma?"

Nimefundisha darasa la saba maisha yangu yote. Nilivaa kiatu changu, nikafunga kitenge, nikaondoka na laki nane yangu na iodini gotini.

Kwa hilo nilionekana mbahili wa goti langu mwenyewe. Wifi alitangaza ukoo mzima kwamba nimemwaibisha mbele ya daktari wake. Mwezi huohuo kulikuwa na sendofu, na yeye alicheza mpaka akavua viatu, kila akipita mbele ya meza yangu ananitazama. Mpaka leo salamu yetu ni ya kuvutana. Goti lake lilirudia kuuma kabla ya mvua za masika, akaambiwa dozi imeisha nguvu, aongeze nyingine.

Sasa nisikilizeni, maana hili nimelisoma mpaka miwani imeniuma pua.

Hiyo sindano ya mafuta ya kuchangwa ipo kweli. Si uzushi. Huko Marekani mafuta ya chini ya ngozi huchukuliwa kwa watu waliofariki ambao walikubali kutoa viungo, au ndugu zao waliridhia. Hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende, huoshwa na kusafishwa mpaka ubaki utando laini wenye protini, halafu hufungwa kwa ajili ya matumizi. Wapo wanaotumia kitu hicho kujazia ngozi iliyobonyea. Madaktari wa mifupa wakajiuliza: je, kikiingia ndani ya goti, kitatuliza uvimbe na kupunguza maumivu? Zamani kidogo walianza na mafuta ya mgonjwa mwenyewe, yanavutwa tumboni kwa mrija, yanasagwa, yanaingizwa gotini. Ya kuchangwa yanamwondolea mgonjwa adha ya kutobolewa tumbo. Na jamani, mafuta hayo si grisi ya mnyororo wa baiskeli. Hayaendi kulainisha chuma kinachokwaruzana. Wanachotarajia ni kwamba yatatuliza ule uvimbe wa ndani unaofanya goti liwake.

Wanachotarajia, nimesema. Ndiyo maana wanajaribu. Mpaka naandika haya, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani haijaidhinisha bidhaa ya seli wala ya mafuta kwa ajili ya kutibu magoti yaliyosagika. Kama waliokitengeneza bado wanakipima, huyu wa mjini kwetu anayekiuza amekijuaje?

Kuna jambo la magoti ambalo wauzaji wanalijua vizuri kuliko wagonjwa. Goti lina siku zake. Mtu huenda kwa daktari siku limeuma kupita kiasi, na baada ya siku mbaya kuna nafuu hata usipofanya kitu. Ongeza na imani, ongeza na ile sindano ndefu, na bei. Mwaka 2021 huko Australia walitoa matokeo ya watu 288. Nusu walichomwa chembe za damu yao wenyewe, nusu maji ya chumvi yasiyo na dawa, na hakuna mgonjwa aliyejua kapata nini. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili maumivu yalikuwa yamepungua, na wa damu hawakuwapita wa maji ya chumvi kwa kiasi cha maana. Mwaka 2023 yakatoka mengine ya Marekani, watu 475: seli za uboho wa ndani ya mifupa, seli za mafuta ya mgonjwa mwenyewe, seli za kitovu cha mtoto, zote zikashindanishwa na sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Mwaka ulipoisha hakuna iliyoishinda steroidi. Na steroidi yenyewe si ya kuchezea. Mwaka 2017 ilionekana kwamba waliochomwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili gegedu lao, ule mto laini kati ya mifupa, lililika zaidi kuliko la waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yakawa yaleyale.

Kwa hiyo wifi yangu hakudanganya aliposema amepata nafuu. Alipata. Swali ni nafuu hiyo ilitoka wapi, na hilo huwezi kulijua kwa kumtazama mtu mmoja akicheza sendofu. Unalijua kwa kuwa na kundi la pili.

Sisi watu wa Mwanza ndio wa mwisho wanaopaswa kufundishwa hili. Kati ya 1991 na 1994 mkoani kwetu lilifanyika jaribio ambalo dunia nzima inalisoma. Jamii 12 zilichaguliwa, sita zikaboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya, sita zikangojea, ionekane kama Ukimwi utapungua. Maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yalipungua kwa karibu asilimia 40 kule kwenye tiba bora. Ng'ambo ya ziwa, Rakai nchini Uganda, walijaribu njia nyingine, kuwapa watu dawa za magonjwa ya zinaa kwa pamoja nyumba hadi nyumba. Matokeo yalipotoka 1999, maambukizi hayakupungua. Ziwa ni lilelile, wazo linafanana, majibu mawili. Kama si zile jamii za kulinganisha, kila upande ungejitangazia ushindi wake.

Basi dada wa Musoma, na wengine wote, mtu akikwambia "tunajaribu dawa mpya", mwulize anayelinganishwa na wewe anapata nini. Akikosa jibu, hajaribu chochote. Mwulize kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kiko wapi, na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kiko wapi, maana hapa nchini majaribio ya dawa kwa binadamu hayapiti bila hivyo. Mwulize karatasi ya ridhaa iliyoandikwa Kiswahili, uende nayo nyumbani ukailalie. Halafu mwulize bei. Anayekujaribia dawa hakuuzii. Najua huko Marekani wapo wanaowatoza watu na kuiita tafiti, na wenzao wanawapigia kelele kwa hilo. Wewe mtu akitaja milioni mbili na nusu, simama. Kama unaweza kusimama, lakini.

Mtaniuliza mimi nilifanya nini. Nilikwenda kwa yule mtu wa fiziotherapia niliyekuwa namkwepa. Hakuna cha ajabu alichonipa. Kiti. Kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, polepole, mpaka mapaja yatetemeke. Kulala chali na kuinua mguu ulionyooka. Fimbo, na akanigomba kwa kuishika upande wa goti bovu, kumbe hushikwa mkono wa upande wa pili. Na uzito. Watafiti walishapima: kilo moja ukiipunguza mwilini, goti linapunguziwa kama kilo nne kila hatua. Ugali wangu wa usiku ulikuwa mlima, nikaukata nusu, sato akabaki palepale. Vidonge vya maumivu vya diklofenaki vya kununua duka la dawa kama pipi niliviacha, maana nina presha, na wenye presha, figo au vidonda vya tumbo wasivizoee.

Inachosha. Haina video. Hakuna atakayekuchezea ngoma kwa kuinuka kwenye kiti. Lakini leo nashuka Bugarika nikitazama mbele, na ndoo naibeba mwenyewe, na baba mkwe mwaka huu nimempigia goti moja, lile zima. Vijana mnataka njia ya mkato kwenye kila kitu, mpaka kwenye mifupa ya mama zenu! Mwili hauhongeki. Mnakusanya mamilioni kwa ajili ya sindano, mama mwenyewe hana hata kiti chenye urefu wa kutosha cha kukalia. Mnunulieni kiti kwanza. Mwekeeni choo cha kukaa. Mpelekeni kwa mtaalamu wa mazoezi, mkae naye mjue anafundishwa nini, kisha mfanye naye nyumbani kila asubuhi, siyo mnamwachia karatasi.

Na msinielewe kwamba nawachukia watafiti. Duniani mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa na ugonjwa huu wa viungo kusagika, milioni 365 kati yao magotini, na kiti changu hakitawatosha wote. Hiyo sindano ya mafuta ikishinda kwa haki, nitaandika hapahapa kwamba imeshinda. Siku jaribio lake likija Mwanza kwa vibali vyake, nitajiandikisha kama watanikubali. Nitauliza nauli analipa nani, goti likiingia usaha ananitibu nani, na lebo ya chupa naisoma kabla au baada. Nikiangukia kwenye maji ya chumvi ni sawa, mradi mwisho wa yote waniite waniambie.